Msamaha wa Kodi na Pikipiki ya Umeme

Muhula uliopita darasa letu lilifanya mjadala juu ya vyombo vya umeme. Wengi walisema kwamba Serikali ikitaka watu waache petroli njia ni moja tu: iwasamehe kodi, nao watanunua mara moja. Siku ile nilikaa kimya, maana sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo, nalo nililipata nyumbani kwetu Kabalagala wakati wa likizo.

Kaka yangu ni dereva wa boda boda. Stegi yake iko kando ya Barabara ya Ggaba, na karo yangu hutoka katika pikipiki ile. Alikuwa akifikiri kuiuza, kwa kuwa ni ya petroli, achukue ya umeme kwa mkopo. Basi usiku mmoja tulikaa na daftari langu la hesabu na sahani ya kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo vyenye jina moja na mtaa wetu. Nikamwambia kwa furaha, "Kaka, Serikali imesamehe kodi. Nunua!" Akanisogezea karatasi ya mkopo, akasema, "Mdogo wangu, huo msamaha uko wapi? Nionyeshe mahali ulipo katika bei hii." Nilitafuta, sikuuona.

Tangu siku ile nimejifunza kuwa msamaha wa kodi una namna zake, na si kila namna humfikia mnunuzi.

Namna moja ni ile ya Marekani. Kwa sheria ya mwaka 2022, mtu aliyenunua motokaa mpya ya umeme iliyotimiza masharti aliweza kupunguziwa kodi yake ya mapato hadi dola 7,500. Lakini hapo mwanzo alilipa bei kamili kwanza, kisha akangoja mpaka apeleke hesabu zake za kodi. Tena, mwenye kodi ndogo alipunguziwa kadiri ya kodi yake tu; kilichozidi hakupewa. Kuanzia Januari 2024 mnunuzi aliruhusiwa kumwachia muuzaji haki hiyo, na bei ikapungua palepale dukani. Baadaye punguzo hilo lilikomeshwa kwa motokaa zilizonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025, na siku hiyo ilipokaribia watu walikimbilia kununua. Kumbe mtu huamua kwa fedha anazoziona na kwa siku anayoijua.

Wazee walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Kaka yangu hana mshahara wala kodi ya mapato ya kupunguziwa mwakani. Kwa mtu kama yeye, namna ile ya kwanza ya Marekani ni kumi za nenda rudi. Humfaa kenda iliyo ndani ya bei yenyewe.

Namna ya pili ni kuondoa kodi katika bei. Norwei ilianza kuziondolea kodi motokaa za umeme katika miaka ya 1990, na mwaka 2001 ikaziondolea pia kodi ya ongezeko la thamani, huku zile za petroli zikiendelea kutozwa kodi nzito. Mnunuzi alipoingia dukani aliona tofauti kwa macho yake. Mwaka 2024 karibu motokaa tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa huko zilikuwa za umeme.

Je, sisi Uganda? Kodi yetu ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Sheria ya mwaka 2024 ilivisamehe kodi hiyo vyombo vya umeme vilivyotengenezwa nchini, pamoja na vifaa na huduma za kuchaji, hadi mwisho wa Juni 2028. Hilo ni jambo jema. Lakini kusamehewa kodi si sawa na kutozwa asilimia sifuri. Tuseme mwenye kiwanda amenunua vyuma na nyaya kwa shilingi 1,000,000, akalipa juu yake kodi ya shilingi 180,000. Kama pikipiki yake ikitozwa asilimia sifuri, Serikali humrudishia zile 180,000. Ikisamehewa tu, hazirudi, naye hana budi kuziingiza katika bei. Hivyo kodi iliyofukuzwa mlangoni huingia kwa dirisha, na kaka yangu huilipa bila kuiona.

Jirani zetu Rwanda, mwaka 2021, walichagua sifuri, tena si kwa chombo peke yake, bali pia kwa betri, vipuri na vifaa vya kuchajia. Wakaviuzia vituo vya kuchaji umeme kwa bei ya viwanda. Ndipo Januari 2025 wakaacha kuandikisha pikipiki mpya za petroli za kuchukua abiria mjini Kigali. Msaada ulitangulia, amri ikafuata.

Betri ndiyo kiini cha mambo. Dereva wengi wa pikipiki za umeme hapa Kampala hawanunui betri. Huenda kituoni, huacha iliyokwisha nguvu na kuchukua iliyojaa, nao hulipa kila mara. Pikipiki hununuliwa siku moja, betri hulipiwa kila siku. Kwa hiyo nafuu yo yote inayowekwa katika betri na vituo humfikia dereva kila jioni ahesabupo mapato yake.

Wako watakaosema kwamba petroli hutozwa ushuru wa zaidi ya shilingi 1,000 kwa kila lita, na kwamba fedha hizo ni za barabara na hospitali. Watu wakiiacha petroli, nani atalipa? Ni neno la haki. Mama aendaye sokoni kwa miguu hapaswi kumsaidia tajiri anunue motokaa ya fahari. Norwei yenyewe, mwaka 2023, ilirudisha kodi juu ya sehemu ya bei inayozidi krona 500,000. Nasi tufanye vivyo hivyo: nafuu iwe kwanza kwa pikipiki na basi, vinavyobeba watu wengi, na motokaa za anasa zijilipie.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kodi ya pikipiki ya umeme na betri yake iwe asilimia sifuri. Karatasi ya mkopo ionyeshe waziwazi ni shilingi ngapi zilizopunguzwa. Na kabla ya Juni 2028 Serikali itangaze mapema litakalofuata, ili mwenye kujenga kituo na mwenye kukopa wajue wanaingia wapi.

Nilirudi shuleni kaka yangu hajaamua. Aliniambia atakwenda kwanza kuwauliza wenzake wa stegi waliokwisha kubadili: betri hulipiwa kiasi gani kwa siku, kituo kiko umbali gani, na pikipiki ikizeeka huuzika au haiuziki. Naona maswali hayo matatu yana akili kuliko mjadala wetu wote. Ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika ofisi zinazopanga kodi, yaulizeni na huko.