Mtoto mcheshi naye huhitaji malezi

Ni nadra kupata familia isiyo na mtoto mmoja ambaye hawezi kunyamaza. Mgeni akishaondoka, yeye huigiza anavyotembea. Mwalimu akipiga chafya darasani asubuhi, jioni mtoto huyo ataipiga chafya hiyo hiyo mezani hadi chai iwapalie. Wazazi wengi huuita huo utundu, na hukumu yao huwa moja: “Nyamaza ukasome! Kuchekesha watu kutakupa ugali?”

Swali hilo si la kupuuzwa. Sote tunamkumbuka marehemu Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' aliyetuvunja mbavu miaka mingi akiwa na Mama Kayai katika Vitimbi. Kabla hajafariki Julai 2015, ilibidi wananchi wamchangie pesa za kutibiwa macho. Mzazi aliyeona hayo ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, kuogopa ni jambo moja, na kumziba mtoto mdomo ni jambo jingine. Ndiyo maana leo ningependa tuitazame safari ya Mwafrika mmoja ambaye ulimi wake umemfikisha mbele ya marais na wafalme. Huyo ni Trevor Noah wa Afrika Kusini.

Trevor alizaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984. Mamake, Patricia, ni Mxhosa, na babake ni Mzungu kutoka Uswisi. Wakati huo serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa na sheria iliyokataza mapenzi kati ya Wazungu na watu weusi, na sheria hiyo haikuondolewa hadi 1985. Kwa hivyo mtoto huyu alikuwa ushahidi wa kosa tangu siku aliyozaliwa. Wakitoka matembezini, babake alipita upande wa pili wa barabara. Polisi wakitokea, mamake aliuachilia mkono wake akajifanya mtoto si wake. Kwa nyanyake huko Soweto alifungiwa ndani asionekane na majirani.

Je, mtoto kama huyo hufanya nini siku nzima? Husoma, husikiliza na huigiza. Mamake hakuwa na mali, lakini alimtafutia vitabu. Alihakikisha anazungumza Kiingereza vizuri, kwa kuwa alijua lugha hiyo ingemfungulia milango. Lakini sikiliza vyema, mzazi wa mjini: hakumwachia Kiingereza peke yake. Trevor alikua akisema pia Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kitswana, Kitsonga na Kiafrikana.

Amewahi kusimulia jinsi siku moja, akitembea barabarani, alivyowasikia vijana nyuma yake wakipanga kwa Kizulu namna ya kumwibia. Hakukimbia. Aligeuka akawajibu kwa Kizulu hicho hicho, akawapendekezea waungane wakamwibie mtu mwingine. Vijana wale walipigwa na butwaa, wakamwomba radhi, wakasema walidhani yeye si mwenzao. Kwetu Nairobi kuna watoto ambao wakipelekwa ushago hawawezi kumwamkia nyanya yao. Tafakari ni akiba gani tumewanyima.

Kazi yenyewe haikuanza kwa kishindo. Akiwa kijana aliuza kanda za muziki na kupiga disko katika mtaa wa Alexandra ili apate riziki. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 18, alipewa sehemu ndogo katika mchezo wa runinga wa Isidingo. Kisha akatangaza redioni katika kituo cha vijana cha YFM, na baadaye akaongoza vipindi vya runinga, kimoja cha elimu na kingine cha udaku wa mastaa. Mwaka 2009 ndipo alipopanda jukwaani na onyesho lake kubwa la kwanza, The Daywalker. Mwaka 2010 akapewa kipindi chake mwenyewe, Tonight with Trevor Noah. Hesabu miaka hiyo, ewe mwanafunzi unayetaka kuvuma kabla ya muhula kwisha. Ni miaka minane tangu sehemu ile ndogo.

Mwaka huo wa 2009 ulimletea pia msiba. Mamake alipigwa risasi kichwani na mumewe wa zamani, baba wa kambo wa Trevor. Risasi iliingia kisogoni ikatokea usoni, lakini mama yule akapona. Na unajua alimwambia nini mwanawe akiwa kitandani hospitalini? Alimtania kwamba sasa Trevor ndiye mwenye sura nzuri kuliko wote nyumbani. Ukisikia hayo unaacha kuuliza mtoto alitoa wapi kipaji. Nyumba ile ilijua kucheka si kwa sababu haikuwa na machozi. Ilicheka ili machozi yasiizamishe.

Mwaka 2011 Trevor alihamia Marekani, ambako wachache walimjua. Januari 2012 alitokea katika kipindi cha The Tonight Show, akawa mchekeshaji wa kwanza wa jukwaani kutoka Afrika Kusini kupewa nafasi hapo. Mwaka uliofuata alialikwa na David Letterman. Desemba 2014 akaanza kuonekana mara moja moja katika The Daily Show, kipindi kinachozikejeli habari za siasa. Haikupita miezi minne ikatangazwa kuwa yeye ndiye atakayerithi kiti cha Jon Stewart, aliyekuwa amekikalia tangu 1999.

Hapo ndipo ulimi wake ulipomtia mashakani. Watu walifukua mizaha aliyokuwa ameiandika Twitter miaka ya nyuma, baadhi ikiwadhihaki wanawake na Wayahudi. Kelele zikazuka, wengine wakataka anyimwe kazi. Yeye alijitetea kwamba si haki kumpima mtu kwa mizaha michache iliyokosa shabaha, na waajiri wake wakasimama naye. Lakini somo ni bayana kwa vijana wetu ambao simu haziwatoki mkononi. Neno la kinywani huenda na upepo, bali lililoandikwa hukaa likikungoja hadi siku utakayotafuta kazi.

Alianza rasmi tarehe 28 Septemba 2015. Siku chache baadaye alimlinganisha Donald Trump, aliyekuwa akitafuta tiketi ya urais, na watawala wa Afrika wa aina ya Idi Amin wa Uganda. Wamarekani walicheka kwa mshangao, maana walizoea kuitazama Afrika kama nchi ya vituko vya wengine. Sasa Mwafrika alikuwa akiwaonyesha vituko hivyo sebuleni mwao.

Wapenzi wa kandanda watakumbuka Julai 2018, Ufaransa ilipotwaa Kombe la Dunia. Trevor alitania kwamba Afrika ndiyo iliyoshinda, kwa sababu ya wachezaji wengi wenye asili ya bara hili. Balozi wa Ufaransa nchini Marekani alimwandikia barua ya kulalamika. Mwenzetu aliisoma barua ile mbele ya watazamaji, akaiga lafudhi ya Kifaransa, kisha akaeleza kwa utulivu kwa nini mtu anaweza kuwa Mfaransa na bado akawa Mwafrika. Kwa mtoto wa mama Mxhosa na baba Mswisi, hilo halikuwa suala la mpira tu.

Kutoka hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Machi 2021 aliongoza hafla ya tuzo za muziki za Grammy, na akaitwa tena 2022, 2023, 2024 na 2025. Tarehe 30 Aprili 2022 alisimama jijini Washington kwenye dhifa ya wanahabari wanaoripoti habari za Ikulu ya Marekani, Rais Joe Biden akiwa ameketi hatua chache kutoka kwake, akamtania ana kwa ana. Alipomaliza mizaha aliwageukia wanahabari. Aliwakumbusha kwamba wana uhuru wa kusema ukweli hata unapowachoma wenye mamlaka, akawaomba wawafikirie wenzao wa Urusi walionyimwa uhuru huo.

Kwetu Kenya tunaelewa thamani ya jambo hilo. Wazazi wanaosoma ukurasa huu wanajua kuna wakati kumwigiza rais ulikuwa mzaha wa kufanywa mlango ukiwa umefungwa. Vijana wa Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walipomwigiza Rais Moi kwenye runinga mwishoni mwa utawala wake, wengi tulicheka huku tukitazama dirishani. Kicheko hicho kilitupunguzia hofu kuliko hotuba nyingi.

Trevor aliondoka The Daily Show kwa hiari yake tarehe 8 Desemba 2022, baada ya miaka saba. Katika kuaga aliwashukuru kwa namna ya pekee wanawake weusi, akianza na mamake, nyanyake na shangazi yake, kwamba hao ndio waliomfunza. Heshima ziliendelea kumfuata hata baada ya kuondoka. Januari 2024 kipindi hicho cha wakati wake kilitunukiwa Emmy. Novemba 2023, katika kasri ya kifalme jijini Amsterdam, Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi alimkabidhi Tuzo ya Erasmus. Mchekeshaji aliyewahi kuipata kabla yake ni Charlie Chaplin, mwaka 1965.

Haya basi, mzazi mwenzangu, turudi nyumbani kwako. Sisemi kila mtoto anayeigiza chafya ya mwalimu atakula na wafalme. La hasha! Wengi watakuwa walimu, mawakili, wahubiri, wauzaji au watangazaji, na kote huko ulimi mwepesi ni mtaji. Ninachosema ni kwamba kipaji hicho hulelewa kama kipaji cha hesabu.

Mama yule alifanya mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi. Alimpa mtoto vitabu. Alimwacha azisikie lugha za majirani na kuzisema bila aibu. Alimwadhibu alipokosea, lakini hakumwadhibu kwa kuuliza maswali. Nawe anza na hayo. Mwambie mwanao jioni moja awasimulie kisa cha kuchekesha kwa Kiswahili sanifu, na kesho yake akisimulie kwa lugha ya nyanya yake. Akimdhihaki mlemavu au mtoto wa jirani aliye maskini, mkanye hapo hapo na umweleze sababu: mzaha mzuri humpandia mwenye nguvu, haumkanyagi aliyeanguka. Akileta ripoti mbaya ya shule, hapo mkaze asome, kwani hata Trevor angekuwa na machache ya kusema kama hangesoma.

Nawe mwanafunzi, usiutumie ukurasa huu kama cheti cha kupigia kelele darasani. Kitafute kitabu chake, Born a Crime, kilichotoka 2016. Kuna na toleo la vijana lililochapishwa 2019. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa Lupita Nyong'o wetu ndiye atakayeigiza kama mama huyo katika filamu ya kitabu hicho. Kisome ukimtazama zaidi mama kuliko nyota, kisha umpe mamako naye akisome.

Na jioni ya leo, yule mtoto wako akianza vituko vyake mezani, weka kijiko chini umsikilize hadi mwisho. Akishamaliza, mwulize swali moja tu: “Na hiyo, kwa lugha ya nyanya, ungeisemaje?”