Besi Si Mjanja, Sisi Ndio Wavivu

Ndugu wakulima, kila Jumapili naona watu wakikaa kutwa kando ya ziwa Naivasha na mianzi yao, jioni warudi na kapu tupu wakisema besi ni mjanja. Mimi sikubali. Kosa ni letu.

Samaki huyu, aliyeletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, hujificha kwenye kivuli cha mafunjo na magugu akivizia kinachopita. Basi mbona twatupa ndoana kwenye maji meupe, tena saa sita ya mchana? Nenda alfajiri, au jua likipunga. Chambo kipite karibu na mafunjo. Kivute pole pole, kiache kidogo, kivute tena. Kamba mwekundu wa ziwani afaa sana, lakini usimpeleke akiwa hai kwenye bwawa la shamba lako, maana hutoboa kingo.

Fedha za mashine ya kuzungushia mshipi ziweke ununue mbolea, mwanzi watosha. Ila mshipi uwe nailoni nene. Besi akinaswa hukimbilia magugu, na mshipi mwembamba hukatika hapo hapo.

Jambo moja lanikera. Dume hulinda mayai, na wakati huo huuma lolote linalokaribia, hata bila njaa. Huyo ndiye rahisi kumvua. Ukimtoa, mayai yote huliwa na samaki wengine. Ukimwona haondoki mahali pamoja penye maji mafupi, mwache. Mimi nilimchukua mmoja zamani, nikajisifu nyumbani kwa majuma mawili.