Faini isiyo na karatasi: barua ya wazi kwa Gavana wa Maniema

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Maniema,
Kindu



Njia ya kutoka hapa Kasongo hadi Kabambare haina taa hata moja ya kuongoza magari. Dereva wa kamyo anayepita huku hajawahi kupigwa picha na mashine akivuka kwenye nyekundu, wala hajapelekewa bahasha ya faini. Lakini anasimamishwa na analipa, kisha mbele kidogo anasimamishwa tena na kulipa tena. Naandika mimi mfanyabiashara wa mchele, niliye na mizigo yangu ndani ya hizo kamyo, kwa sababu dereva akiandika leo, kesho atapita palepale kwa watu walewale.

Mheshimiwa anapopita, bariere huwa imekwisha kuinuliwa, basi nieleze inavyokuwa kwetu. Mti mrefu umelazwa kukata barabara, ncha moja imefungwa jiwe, nyingine imefungwa kamba. Pembeni kuna kibanda cha majani, meza na daftari la shule. Kamyo inapunguza mwendo, msaidizi anaruka chini na bahasha ya karatasi zote: kibali cha dereva, karatasi za gari, bima, ukaguzi. Zinasomwa taratibu. Zikiwa kamili, macho yanahamia kwingine. Turubai limefungwa vibaya. Kizima moto kiko wapi? Na wale waliokaa juu ya magunia? Inatajwa faini kubwa. Dereva anashuka sasa, anavua kofia: “Shefu, nionee huruma, pesa ya njia ni kidogo.” Bei inashuka mpaka nusu, mpaka robo, mpaka noti iliyokunjwa ndani ya kibali. Kamba inalegezwa. Mara nyingi hakuna kilichoandikwa katika lile daftari.

Faini inayopatanwa bei kama kuku sokoni, Mheshimiwa, inaadhibu kosa gani? Sisemi madereva wetu ni malaika. Kupakia watu juu ya shehena ni hatari, na wanafanya hivyo kila siku, tena abiria ndio wanaowabembeleza. Ila kosa hilo likilipiwa hapa kwa noti, kamyo inaondoka na watu walewale juu ya magunia yaleyale mpaka bariere nyingine. Hakuna aliyeshushwa, na hatari imeendelea na safari.

Jambo ambalo wakubwa hawalioni ni lile linalotokea gari likifika. Mwenye kamyo humpa dereva pesa ya njia kabla ya kuondoka: mafuta, chakula, vivuko, dharura. Akirudi, lazima aeleze kila faranga. Mafuta yana risiti. Bariere haina. Basi bosi anauliza: “Nitajuaje hukuzinywa?” Dereva hana cha kuonyesha. Kinachokosekana kinakatwa kwenye mshahara, au anaambiwa asije tena. Katika watu wote wanaoguswa na hizo noti, mlipaji wa mwisho mara nyingi ni yule mwenye kipato kidogo. Kinachobaki tunakilipa sisi sokoni, ndani ya bei ya chumvi, sabuni na saruji. Na tangu Bukavu iangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, biashara ya huku mashariki haina tena nafasi ya kubeba gharama za bure.

Wapo wanaosema dawa ni mashine. Nchi yetu ililijaribu hilo. Mwaka 2013 roboti za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi ziliwekwa kwenye njia panda za Kinshasa, za umeme wa jua, na taa nyekundu na kijani, na kamera za kurekodi magari. Lubumbashi nayo ikapata zake. Mimi nilizipenda kwa jambo moja: zilikuwa na mikono, lakini si ya kupokea.

Hata hivyo siombi kamera. Madereva wa nchi nyingine wana malalamiko yao, na ni ya kweli. Gari zito lenye breki za upepo halisimami kama pikipiki. Taa ikigeuka njano ghafla, dereva mwenye shehena anachagua kati ya kukanyaga breki mpaka mzigo umsukume, au kupita na kupigwa picha. Huko Chicago, mwaka 2014, mkaguzi mkuu wa jiji alionyesha kwamba tiketi kama 77,000 zilitolewa pale ambapo njano ilikuwa imewaka kwa muda usiofika sekunde 3, na jiji likawa limejipatia karibu dola milioni 7.7. Miaka miwili baadaye, ofisa wa jiji hilo aliyesimamia kamera alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kupokea rushwa kutoka kampuni iliyoziuza. Rushwa ilitoka barabarani ikapanda ghorofani.

Karibu zaidi, Uganda ilianza mwezi Juni 2025 kutoza faini kwa kamera. Hazikupita wiki nyingi, kelele za watu zikawa nyingi, serikali ikausimamisha mfumo ili uangaliwe upya. Tanzania, faini ya barabarani ya shilingi 30,000 huandikwa kwa namba ya gari, na deni linaonekana kwenye mtandao. Hapo pia dereva wa kuajiriwa huumia, maana gari ni la bosi, na deni likionekana, bosi anajua nani wa kumkata. Lakini dereva yule wa Tanzania anajua kosa lake limeitwaje, limeandikwa siku gani na ni kiasi gani. Anaweza kubisha. Anaweza kumwonyesha bosi. Wa kwetu hana hata kitu cha kubishia.

Sheria tunazo, Mheshimiwa, hatuhitaji kuazima. Sheria ya barabara, namba 78/022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 imeorodhesha kodi na ushuru unaoruhusiwa kwa majimbo na ngazi zilizo chini yake. FONER, mfuko wa kutunza barabara, iliundwa mwaka 2008 ili pesa za barabara zitengeneze barabara. Hatukatai kulipa njia. Zamani misafara ya akina Tippu Tip iliyokuwa ikifika hapa Kasongo kutoka pwani ililipa hongo, yaani ushuru wa njia wa siku hizo, kwa machifu wa Ugogo, nguo na shanga, na majadiliano yalikuwa magumu; lakini ilijulikana nani anapokea, na wakishapatana, njia ilifunguka. Sisi tunalipa kwenye mti mmoja, na kilomita chache mbele mti mwingine haujui kwamba tumelipa.

Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walizihesabu bariere za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakapata 798. Maniema haikuwemo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kuhesabu. Wapelekwe watu wa jimbo, pamoja na mwakilishi wa wenye magari na mmoja wa madereva, wapite Kindu hadi Kasongo, Kasongo hadi Kabambare, mpaka Salamabila na Namoya, waandike kila mti: uko wapi, nani anausimamia, kwa sheria ipi. Usiokuwa na sheria ung’olewe. Najua ipo mingine inayoshikwa na watu wenye silaha wasiomsikiliza gavana wala jenerali. Hiyo siizungumzii leo. Nazungumzia ile ambayo anayeinyanyua anavaa sare ya Jamhuri. Hiyo iko mikononi mwenu, na ndiyo inayotuvunja moyo zaidi.

Nataka pia niseme neno kwa ajili ya huyo mwenye sare. Askari aliyewekwa porini bila mshahara unaofika kwa wakati, bila nyumba, na bila hata kitabu cha risiti, amewekwa pale ale kwa dereva. Akifukuzwa akaletwa mwingine katika hali ileile, tutarudi palepale. Anayemtuma ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza, na anayemtuma hakai chini ya kibanda cha majani.

Kwa bariere zitakazobaki, tunaomba ubao wenye viwango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kutoka dirisha la kamyo. Tunaomba risiti yenye namba, jina la kosa na kiasi, ambayo dereva akiionyesha mbele hatozwi tena kwa kosa hilohilo safari hiyo. Na faini kubwa zilipwe Kasongo mjini au Kabambare, ofisini, si mkononi. Kamera zikija siku moja, na zitakuja, zikute desturi hiyo imekwisha kushika mizizi. Zisipoikuta, zitakuwa bariere nyingine tu, yenye macho zaidi.

Orodha ya bariere halali za njia hii ingetosha kwenye ukurasa mmoja. Tunaomba itiwe sahihi Kindu, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya Kasongo na ya Kabambare kabla mvua za Septemba hazijaanza, maana zikianza, kamyo zinakwama siku nyingi kwenye matope, na kila siku ya kukwama inakula ile pesa ya njia ambayo bariere nayo inaisubiri.

Wako katika utumishi,

Mfanyabiashara wa mchele, Kasongo