Shelfu Nzito na Kuta Zetu



Mama mmoja wa Kibaoni, hapa jirani na Ifakara mjini, aliuliza baada ya sala ya jumuiya: “Mama nesi, vyombo na dawa niviweke wapi watoto wasivifikie?” Wenzake wakamjibu kwa pamoja, apige shelfu ukutani. Ni kweli. Lakini hakuna aliyemwuliza ukuta wake ni wa nini.

Mtoto wa miaka miwili haoni shelfu, anaona ngazi. Hukanyaga ubao wa chini, hushika wa juu, kisha uzito wake na wa vyombo huja pamoja. Wala si shida ya maskini tu. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliwataka wateja wake wa Marekani warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29 au wayafunge ukutani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa.

Katika bonde letu la Kilombero nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, nyingine za tofali mbichi, nyingine za miti na udongo. Juu yake fundi hupaka plasta ya saruji, na ukuta ukapendeza kama wa zege. Msumari hupita plasta hiyo nyembamba ukaishia kwenye udongo. Kiangazi utashika. Masika, Machi hadi Mei, ukuta hunywa maji na udongo hulainika. Na ni wakati huo huo sisi akina mama tunapandisha kila kitu juu ili kisilowe: mchele, maharage, nguo, redio. Debe la mchele lina karibu kilo 20. Basi shelfu hubeba mzigo mkubwa kuliko wote wakati ukuta una nguvu kidogo kuliko wakati wowote. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa ukuta wa tofali mbichi au wa miti, usitundike kitu kizito kabisa. Mwambie fundi atengeneze shelfu ya kusimama, miguu yake ikae juu ya tofali za kuchoma kwa ajili ya maji na mchwa, na sehemu ya juu ifungwe kwenye nguzo au boriti ili isiinamie mbele. Hapo sakafu inabeba uzito, na ukuta unazuia tu isianguke. Kwa tofali za kuchoma, fundi atoboe katikati ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha udongo, atie plastiki ya skrubu na skrubu ndefu inayopita plasta. Ubao uwe mwembamba: kadiri unavyotokeza mbele ndivyo unavyong’oa skrubu ya juu.

Wenye vyumba vilivyogawanywa kwa jipsam wajue kwamba ubao ule ni jasi laini iliyovikwa karatasi. Nyuma yake kuna mihimili ya mbao au chuma. Gonga: penye mlio mzito pana mhimili, na skrubu ziingie hapo tu.

Kabla ya kupanga vyombo, fundi aivute shelfu kuelekea chini kwa mikono yote miwili. Akisita, mwache kwanza asilipwe!

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo kwenye paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mimi nasoma mstari huo na kufikiria jikoni.

Vizito, kama sufuria kubwa na madebe, vikae chini. Biskuti na vya kuchezea visikae juu, maana ndivyo vinavyomwita mtoto apande. Dawa zipate kisanduku chake kidogo chenye kufuli, mahali pa juu, mbali na shelfu ya vyombo. Mafuta ya taa nayo yafungiwe, na kamwe yasiwe kwenye chupa ya soda.

Mtoto akiangukiwa, usiangalie jeraha tu. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, akitokwa damu au maji puani au masikioni, au tumbo likimvimba na kumwuma, usimwache “apumzike kwanza”. Mwahishe kituo cha afya au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na umweleze daktari kilichomwangukia ni nini na kilikuwa juu kiasi gani.