Kabla ya kukopa laptopu mpya, kagua RAM na saa

Ukijiunga na kozi ya mitandao au usalama wa kompyuta siku hizi, mapema tu utaambiwa: weka VirtualBox, ndani yake weka Linux, anza kazi. Wazo ni zuri. Unapata kompyuta ndani ya kompyuta, bila malipo, na ukiiharibu unaifuta na kuanza upya. Shida ni wakufunzi wanaokomea hapo.

Mashine pepe ni mpangaji tu. Haina RAM yake, inamegewa ya mwenye nyumba. Laptopu yako ina GB 4, unaipa mashine GB 2, halafu Windows na kivinjari chako vinagombania zilizobaki. Zikiisha, kompyuta inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Kila kitu kinaganda, nawe unadhani laptopu imekufa. Kuna wanaokimbilia mikopo ya simu hapo. Tulia kwanza! Chukua Linux ya maandishi matupu, isiyo na madirisha wala picha. GB 1 inatosha kwa mazoezi mengi.

Saa nayo ni mjanja zaidi. Isimamishe mashine usiku, uiamshe asubuhi, na inaweza kuamka ikidhani bado ni jana. Au mpangilio ukosewe, saa za Kenya zisomwe kama UTC, ipotee kwa saa 3 kamili. Basi saa ikiwa nyuma, Linux inakataa masasisho ikidai faili hazijaanza kutumika. Nambari za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 nazo zinagoma. Mwanafunzi anabaki kulaumu bando.

Dawa ipo. Weka Guest Additions za VirtualBox, zitalinganisha saa ya mashine na ya laptopu. Au washa NTP, kisha andika timedatectl uone kama saa ni sahihi.

Kwa wanaofundisha: semeni RAM inayohitajika kabla mtu hajalipa karo, na haya mawili yawe somo la kwanza. Wengi wetu tunasoma kwa laptopu za mitumba. Kijana akiacha kozi kwa sababu hii, si kwamba masomo yamemshinda. Amekwamishwa na mipangilio ambayo angeelezwa kwa dakika 10.