Kimbunga Hakizai Majambazi

Katika filamu ya The Hurricane Heist, iliyotoka mwaka 2018, yumo mtaalamu wa hali ya hewa anayepambana na majambazi wenye bunduki kwa vifuniko vya magurudumu ya gari. Anakiachia kifuniko kwenye upepo wa kimbunga, upepo unakichukua, kinamkita jambazi na mchezo umekwisha. Kwenye jengo la maduka wanafungua paa ili dhoruba iwafyonze maadui wapae zao, huku steringi na mwenzake wakining'inia kwenye kamba, salama salimini. Mwisho malori matatu yanatimua mbio barabarani, nyuma yao ukuta wa kimbunga. Mwongozaji ni Rob Cohen, yuleyule aliyetuletea The Fast and the Furious mwaka 2001, kwa hiyo aliyekata tiketi akitegemea somo la jiografia amejitakia.

Watu wameicheka filamu hii, na wana haki. Kimbunga cha daraja la 5 kina upepo unaopita kilomita 250 kwa saa. Katika upepo huo hakuna wa kusimama wima akalenga shabaha, wala wa kufukuzana na mwenzake kwa lori. Lakini ninachokiona ni kwamba wanaokicheka kifuniko hawalicheki wazo lililoibeba hadithi nzima: kwamba maafa yakija na serikali ikipotea, wizi ndio unaofuata. Hilo wanalimeza bila kutafuna. Tunalo hata katika methali, paka akiondoka panya hutawala, na tunaitoa kila mji unapofurika, kana kwamba tumeshaufanyia utafiti. Mimi naona wazo hilo ni uongo mkubwa kuliko kifuniko, na tofauti na kifuniko, limeua watu wa kweli.

Tuanze na filamu zenyewe, maana zina ushahidi ambao mtazamaji haushughulikii. Katika The Hurricane Heist, kinachoibwa ni dola milioni 600 za noti chakavu zilizokuwa zikisubiri kuchanwa katika ghala la serikali. Nani anaziiba? Si muuza samaki aliyefurikiwa nyumba. Si mama mwenye watoto watatu juu ya paa. Ni mfanyakazi aliyeaminiwa wa ghala lenyewe, genge la kukodi lenye vifaa vyake, na sherifu, mkuu wa polisi wa eneo hilo. Rudi nyuma miaka 20, kwenye Hard Rain ya mwaka 1998. Mji mdogo wa Huntingburg, Indiana, umezama, gari la kusafirishia fedha limekwama na dola milioni 3 ndani, na Morgan Freeman anakuja na genge lake. Katikati ya filamu unagundua kwamba mwizi mwenye roho mbaya zaidi ni sherifu aliyeshindwa uchaguzi, akisaidiwa na askari wake. Hata yule mlinzi mzee wa gari la fedha alikuwa na mkono kwenye mpango.

Kwa hiyo watunzi hawa, pamoja na pikipiki zao za majini zinazokatiza kwenye korido za shule, walijua jambo. Wizi wa maana unahitaji ufunguo, sare, ramani na mtu wa ndani. Lakini ukiwauliza watazamaji wa kwenye kibanda umiza filamu ilihusu nini, watakwambia: mafuriko yalikuja, watu wakaanza kuiba. Watu gani?

Hapo ndipo penye ujanja wenyewe. Filamu zote mbili zinauhamisha mji mzima kabla ya risasi ya kwanza. Katika Hard Rain wamebaki watu wa kuhesabika, wakiwamo mzee na mkewe waliogoma kuondoka. Katika ile ya Cohen, Gulfport ni mitaa mitupu. Gulfport ya kweli iko jimbo la Mississippi, ingawa filamu imeuhamishia Alabama, na kimbunga Katrina kilipoupiga mwaka 2005 hakikukuta mitaa mitupu. Naelewa kwa nini mtunzi anawaondoa watu. Akiwaacha, itabidi wafanye kile wanachofanya watu siku hizo: kuitana, kubebana, kupika chungu kimoja, kumtafuta bibi wa nyumba ya tatu. Steringi atachelewa kumfukuza adui kwa sababu kuna mtoto wa kuvusha. Filamu itakwama. Basi mtunzi anawafuta wananchi, na pengo walilokuwamo mtazamaji analijaza mwenyewe kwa waporaji.

Wapo waliokwenda kuangalia badala ya kukisia. Mwaka 1963 wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, akiwamo E. L. Quarantelli, walianzisha kituo cha utafiti wa maafa ambacho baadaye kilihamia Delaware. Kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiwahi kwenye vimbunga, mafuriko na matetemeko na kuwahoji watu kabla tope halijakauka. Walichokikuta mara kwa mara ni kwamba uporaji baada ya maafa ya asili ni nadra, na kinachofurika ni watu wanaokuja kusaidia, mpaka wanakuwa kero kwa waratibu. Haikosi tofauti. Kisiwani St. Croix, baada ya kimbunga Hugo mwaka 1989, watu walipora maduka kwa wingi na hadharani, na Quarantelli mwenyewe alikitaja kisa hicho kama kisicho cha kawaida.

Sasa twende New Orleans, kwa sababu kila mbishi ananipeleka huko. Katrina ilitua Agosti 29, 2005, kuta za kuzuia maji zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikazama. Maduka yalivunjwa, sibishi. Wengi walichukua maji, mikate na nepi, wengine walichukua televisheni ambazo hapakuwa na umeme wa kuziwasha. Lakini dunia haikuambiwa hayo. Iliambiwa kwamba ndani ya uwanja wa Superdome watu wanachinjana na watoto wanabakwa, na mkuu wa polisi wa mji alikuwa miongoni mwa waliozisambaza habari hizo. Daktari mmoja wa shirika la serikali la maafa alifika uwanjani na lori la friji, kwa kuwa aliambiwa kuna maiti 200. Alikuta 6. Wanne walikufa kwa maradhi, mmoja kwa dawa za kulevya, na mmoja ilisemekana alijirusha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuawa na mwenzake. Lori kubwa lile, na maiti 6.

Uvumi ungebaki uvumi kama wenye mamlaka wasingeutendea kazi. Agosti 31, watu wakiwa bado juu ya mapaa wakipunga mashuka, Meya Ray Nagin aliagiza polisi wapatao 1,500 waache kuokoa watu, warudi mitaani kupambana na waporaji. Miongoni mwa waliobaki wakiokoa, pamoja na walinzi wa pwani, ni raia wenye boti zao, wengi wavuvi na wawindaji wa Louisiana. Septemba 4, kwenye daraja la Danziger, polisi waliwamiminia risasi watu waliokuwa wakivuka kwa miguu bila silaha yoyote. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 17, mwingine mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, aliyepigwa risasi mgongoni. Wengine wanne walijeruhiwa. Kisha ikatungwa ripoti ya uongo kufunika tukio, na mwaka 2016 maofisa watano walikiri makosa mahakamani. Baada ya kimbunga hichohicho polisi wa mji uleule walichunguzwa kwa kujichukulia magari mapya ya Cadillac kwenye duka la magari. Ukimpelekea Cohen hadithi hii atakwambia sherifu umemtia chumvi.

Wala si mambo ya juzi. San Francisco ilipotikiswa na tetemeko Aprili 18, 1906, Meya Eugene Schmitz alitoa tangazo siku hiyohiyo la kuruhusu askari na polisi kumuua yeyote atakayekutwa akipora. Watu walikuwa wakifukua vitu vyao wenyewe kwenye vifusi.

Najua msomaji wa hapa ana jibu lake: mbona sisi lori likianguka tunakimbilia mzigo? Mbona Morogoro? Ni kweli. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Sitaki kukipamba kisa hicho. Lakini siku ile mji haukuwa umezama, na serikali ilikuwapo, na kituo cha polisi kilikuwa wazi. Paka alikuwa nyumbani. Kilichowapeleka watu kwenye lori ni petroli ya bure kwa mtu asiye na kitu, na hali hiyo ipo Jumatatu hadi Jumapili, jua kali au mvua. Ukitaka kuona tunavyokuwa siku ya maafa, tazama Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza hawakuwa na boti za zimamoto. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na 24 walitoka hai.

Kwa hiyo simwombi mtu asitazame The Hurricane Heist. Itazame, ucheke. Ninachokiomba ni kwamba siku mji wa kweli ukizama, na msemaji akasimama mbele ya kamera kusema askari wamepelekwa kulinda mali, umuulize ni wangapi waliotolewa kwenye boti za uokoaji ili wakalinde hiyo mali, na nani aliyewaona hao waporaji kwa macho yake.

Na kama unataka kujua nani aliiba New Orleans, kumbukumbu za mahakama zipo. Februari 2014 Ray Nagin, meya aliyewaondoa polisi kwenye uokoaji ili wakawasake wezi, alitiwa hatiani kwa makosa 20 kati ya 21, yakiwamo ya kupokea rushwa kutoka kwa wafanyabiashara waliokuwa wakitafuta kazi za jiji, mji ukiwa unajengwa upya. Alihukumiwa miaka 10 jela.