Mchawi Asiyevaa Chuma

Jumamosi iliyopita wifi yangu alinipigia simu huku akihema. "Wifi, njoo haraka! Mwanao ameingilia uchawi."

Nikaabiri matatu mbio mbio. Nilikuta dadu za kijana, nyingine zenye pande 20, zimefungwa kwenye leso tayari kutupwa chooni. Mwenyewe, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa amegoma kula. Mezani palikuwa na karatasi iliyoandikwa "Mchawi. Hana dirii."

"Hebu mweleze shangazi," nilimwambia.

Kumbe ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajifanya shujaa wa hadithi, na dadu zikaamua mambo. Hata huko Marekani, miaka ya 1980, wapo wazazi waliouogopa kama wifi.

Mchawi wa mchezo huu ana nguvu nyingi lakini mwili dhaifu. Katika kanuni za kale hakuruhusiwa kuvaa dirii kabisa. Zile za mwaka wa 2000 zilimruhusu, ila kwa gharama. Uganga wake huhitaji ishara za mikono, na chuma humbana. Dirii ya ngozi ilifanya uganga ushindwe mara 10 katika 100. Ile ya chuma mwili mzima, mara 35.

"Yaani, shangazi, ukijaribu mara 20, saba zinaharibika," alisema kijana. Hesabu hiyo aliipiga kichwani, yeye ambaye mamake hulia kila anapoona alama zake.

Dawa zipo. Dirii ya mithral, madini mepesi ya kubuni, hupunguza hatari hiyo kwa pointi 10. Au mchawi hujikinga kwa uganga wenyewe: dirii isiyoonekana, isiyo na uzito, ambayo katika kanuni za mwaka wa 2014 hudumu saa 8. Kanuni hizo hazina asilimia: ukivaa dirii usiyojifunza kuivaa, hufanyi uganga hata kidogo.

Wifi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia. "Kama Daudi," alisema polepole. "Sauli alimvika mavazi yake ya vita, akayavua kwa kuwa hakuyazoea. Akaenda na kombeo lake."

Kijana aliinua kichwa. "Ndiyo, mama. Ni vivyo hivyo."

Leso ikafunguliwa. Masharti yalitolewa: masomo kwanza, kanisani kila Jumapili, na marafiki wachezee sebuleni mama awaone. Kijana akakubali yote, kisha akaulizia chakula.

Wazazi wenzangu, hofu ya mama haikuwa dhambi, anampenda mwanawe. Lakini nusura atupe kitu kilichomfanya mtoto apende hesabu. Kuuliza si ujinga. Kabla hujatupa, keti kwanza uelezwe.

Nilipoondoka, wifi alikuwa ameshika ile dadu ya pande 20 akiuliza, "Na huyu mchawi wako, ana mama?"